Kuku walikufa, kisha mama wa mapacha akaanza kukosa pumzi: je, ni kideri?

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Bwera, wilayani Kasese. Mke wake ana miaka 34 na amejifungua mapacha wiki tatu zilizopita. Ni uzazi wake wa nne. Siku chache baada ya kurudi nyumbani, kuku wao walianza kufa: shingo zinapinda, mabawa yanashuka, kinyesi cha kijani. Wamebaki kuku wachache tu pamoja na bata wote wawili. Waliokuwa karibu kufa walichinjwa, na huyo mama ndiye aliyewanyonyoa. Baadaye akaanza kukohoa, miguu ikavimba, akawa hawezi kulala chali. Homa hana. Kliniki ya jirani ilimpa dawa ya malaria na antibayotiki, ikamtundikia dripu, na usiku huo hali ikawa mbaya zaidi. Majirani wanasema ugonjwa wa kuku umemwingia kifuani. Baba anauliza: "Je, kideri kinaweza kumshika mtu na kumharibia mapafu? Na hawa kuku waliobaki niwafanye nini?"

Ndugu Salongo, jibu fupi nilikutumia siku ileile uliyoniandikia: mpeleke hospitali leo, usingoje kesho, na mtu yeyote asimtundikie dripu nyingine kabla daktari hajamsikiliza moyo na mapafu. Sasa naeleza sababu kwa kirefu, maana mama mwenye dalili kama za mkeo yuko katika nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kila nyumba huwa imeshapata cha kulaumu. Kwenu wamelaumiwa kuku. Kwingine atalaumiwa jirani mwenye jicho baya, au baridi, au kazi ya shamba aliyoianza mapema.

Nianze na kuku, kwa kuwa ndiko ulikoanzia. Mambo ya mifugo nimeyapitia pamoja na mwenzangu ambaye ni daktari wa mifugo.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi wa ndege. Ukiingia kwenye banda la kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Kwa binadamu hauna nguvu hiyo. Mtu aliyepasua au kunyonyoa kuku mgonjwa kisha akajigusa jicho, jicho hilo linaweza kuwa jekundu, kope zikavimba, machozi yakatoka siku moja au mbili baadaye. Huisha lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Wachache huumwa kichwa na kupata homa ndogo. Hata mchanjaji akirukiwa jichoni na tone la chanjo hai anaweza kupata hali hiyohiyo. Lakini kwa mtu mwenye kinga ya kawaida, kirusi cha kideri hakimnyimi mtu usingizi kwa kukosa pumzi, hakivimbishi miguu, na moyo hakiugusi.

Mafua ya ndege ni suala jingine, na hofu hiyo siidharau. Mwezi Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kwa wingi Lutembe, ufukoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, kisha kuku na bata wa kufugwa wakafa upande wa Masaka. Kilikuwa kirusi cha jamii ya H5N8. Kuna ndugu yake, H5N1, ambaye ameua watu katika nchi kama Misri, Vietnam na Indonesia. Mtu aliyeshikwa na huyo huanza kwa homa kali na kikohozi ndani ya siku chache baada ya kushika ndege mgonjwa. Mkeo hana homa, na bata wako wako wazima wakati kuku karibu wote wamekufa, jambo linaloelekeza zaidi kwenye kideri. Hata hivyo bata wazima si ushahidi wa kutosha, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi vya mafua bila kuugua. Kwa hiyo mwambie daktari kwamba aliwanyonyoa kuku wagonjwa, na umjulishe afisa mifugo wa wilaya. Yote mawili ni wajibu wako hata kama mimi naamini kifua cha mkeo hakihusiani na banda.

Kuku waliobaki usiwauze, wala usimpe shemeji akapeleke soko la Mpondwe kabla bei haijashuka. Hivyo ndivyo kideri kinavyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji. Mizoga ichome au uifukie chini sana mbwa wasiifikie, banda lioshwe, na kuku wapya wasiingie kwa wiki kadhaa. Ukianza upya, tafuta chanjo ya I-2, ile inayostahimili joto kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayofaa vijiji visivyo na friji, ingawa nayo isiachwe juani. Kuku hulazwa ubavu, jicho moja likitazama juu. Unadondosha tone moja, unasubiri hadi apepese jicho na tone litoweke, ndipo unamwachia. Wachanje wote siku moja, wakiwa wazima, na urudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimwokoi. Najua kuku hao ndio waliokuwa nauli ya hospitali na sabuni ya nyumbani, na hasara hiyo si ndogo. Ila banda linaweza kujazwa tena.

Sasa mama.

Mtu asiyeweza kulala chali, anayekohoa zaidi usiku, miguu imevimba, na anazidiwa baada ya kuongezewa maji mwilini, mimi huanza na moyo. Mambo mengine nayapima pia, lakini moyo ndio wa kwanza, hasa akiwa ametoka kujifungua.

Katika mimba damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Akishajifungua, mji wa mimba hujikaza na kuirudisha kwa mkupuo damu iliyokuwa ikizunguka huko. Moyo mzima huimudu, na maji ya ziada hutoka kwa mkojo na jasho katika siku za mwanzo. Ndiyo maana uvimbe wa miguu wa mwisho wa mimba unapaswa kupungua kila siku baada ya kujifungua. Uvimbe unaoanza wiki ya pili au ya tatu, au unaozidi badala ya kupungua, si uchovu wa uzazi. Ni sawa na pampu ya kisima iliyolegea: maji yanaendelea kuja, yenyewe haisukumi, basi yanarudi nyuma na kujaa yalikotoka. Yakijaa nyuma ya upande wa kushoto wa moyo yanaingia mapafuni, na mtu anakohoa na kukosa hewa. Yakijaa nyuma ya upande wa kulia yanashuka miguuni na kwenye ini.

Ukielewa hilo utaelewa kilichotokea baada ya dripu. Kliniki ilimwona mama dhaifu, ikafikiri amepungukiwa na maji, ikamwongezea. Yale maji yalikwenda kwenye mapafu. Siandiki haya ili umchukie muuguzi yule. Udhaifu wa moyo na udhaifu wa njaa au malaria vinafanana sana machoni. Nayaandika kwa sababu dripu imekuwa dawa ya kila kitu huku kwetu, na watu wanailipia kwa furaha wakiamini inaleta nguvu. Kwa mama mwenye moyo uliolegea inaweza kumuua usiku mmoja.

Kuna mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe hata sasa, na ukayasema hospitali. Muulize analala na mito mingapi, na ilikuwa mingapi wiki iliyopita. Muulize kama huwa anashtuka usiku, anakaa kitako, anaomba dirisha lifunguliwe. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, uhesabu polepole hadi kumi, kisha ondoa: shimo likibaki, hayo ni maji. Mwegemeze nusu-kukaa, utazame mishipa ya shingo. Ikiwa imetuna hadi karibu na taya, ni dalili kubwa. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 24 kuna tatizo. Zikifika 30 ni hatari. Na kama hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, anatoa povu la rangi ya waridi, amezimia, au mguu mmoja tu umevimba na unauma, hapo usimpakie boda. Tafuta gari, na njiani asilazwe, aketi wima na miguu yake ining'inie.

Ni nini kinachoulegeza moyo wa mwanamke aliyekuwa mzima? Kwa Uganda mimi hufikiria mambo mawili kwanza.

La kwanza ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaoletwa na uzazi wenyewe. Hutokea mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa mama ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Afrika Kusini hukadiriwa mama mmoja kati ya 1,000 wanaojifungua, Haiti mmoja kati ya 300, na kaskazini mwa Nigeria, ambako uko wingi kuliko popote, hufikia mmoja kati ya 100. Huwapata zaidi wenye asili ya Kiafrika, waliovuka miaka 30, waliozaa mara nyingi, waliobeba mapacha, na waliopata presha wakati wa mimba. Hesabu mwenyewe mkeo ana mangapi kati ya hayo. Chanzo chake hakijakamilika kueleweka, ila tunajua homoni ya maziwa, prolaktini, inaweza kukatika na kipande chake kikawa sumu kwa mishipa midogo ya moyo, na kwamba baadhi ya wanawake wana kasoro ya kurithi kwenye vinasaba vya msuli wa moyo ambayo uzazi huifichua. Hakuna alichokosea. Hakula kitu kibaya, hakuvunja mwiko.

La pili ni vali za moyo zilizoharibiwa utotoni. Mtoto anaumwa koo, anapona bila dawa, wiki chache baadaye viungo vinavimba, kisha kila mtu anasahau. Moyo hausahau. Vali inasinyaa taratibu miaka kumi, ishirini, na binti anaolewa akiwa hajui. Wengi hugundulika mimbani, kati ya mwezi wa sita na wa nane, pale damu inapofikia kilele. Wengine siku za kujifungua. Uganda imetoa mchango wa kujivunia katika hili: Gulu walifuatiliwa watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu, nusu wakadungwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Waliopata sindano, chini ya mmoja kati ya 100 ndiye ugonjwa ulimzidi. Wasiopata walikuwa karibu wanane kati ya 100. Kwa hiyo mtoto wako mkubwa akilalamika koo na homa, usimpe asali ukanyamaza.

Yapo mengine ambayo daktari atayatafuta: upungufu wa damu baada ya kuvuja wakati wa kujifungua, presha ya mimba inayoendelea baada ya uzazi, donge la damu kwenye mapafu, nimonia, kifua kikuu. Baadhi yanaweza kukaa pamoja na ugonjwa wa moyo kwa mtu mmoja. Ndiyo maana nasema apimwe, na wala sisemi nimekwisha kujua.

Anzia hospitali ya Bwera. Kagando na Kilembe nazo ziko wilayani mwenu. Kinachotakiwa siku ya kwanza si cha ajabu: akae wima, apewe oksijeni, apimwe presha, wingi wa damu na protini kwenye mkojo, apigwe picha ya kifua, na kama mapafu yamejaa maji apewe frusemaidi ya mshipani, ambayo atakojoa nayo hadi pumzi irudi. Kipimo kinachoamua ni eko, ultrasaundi ya moyo. Kama hakipatikani hapo, omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya Fort Portal au Mbarara. Wenye matatizo makubwa hufikishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Kwenye eko kuna namba moja ya kuulizia: asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo. Kwa mtu mwenye moyo wenye afya huwa 55 au zaidi. Katika ugonjwa huu wa uzazi karibu kila mara huwa chini ya 45. Mwombe daktari aiandike kwenye lile daftari la shule mnaloendea nalo hospitali, pamoja na tarehe, na daftari lisipotee. Miezi sita ijayo namba hiyo itakuwa na thamani kuliko karatasi nyingine yoyote mliyonayo.

Dawa atakazopewa zinaweza kuwa nne au tano: ya kutoa maji, enalapril au ya jamii yake, ya kutuliza mapigo kama carvedilol, spironolactone, na pengine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu moyo unaosukuma polepole huacha damu isimame na kufanya madonge. Enalapril ni marufuku mjamzito kuimeza; inamdhuru mtoto tumboni. Baada ya kujifungua inaruhusiwa, hata kwa anayenyonyesha. Jambo linalowaponza wengi ni hili: wiki ya tatu pumzi imerudi, viatu vinaingia mguuni, wanaacha dawa. Maji yametoka lakini msuli bado ni mgonjwa. Asiache hata moja bila daktari kusema. Na maumivu ya mgongo yakimsumbua atumie panadol. Diclofenac na ibuprofen, ambazo kila duka la dawa linauza, hushikilia chumvi na maji mwilini na zitamrudisha alikotoka.

Kuhusu kunyonyesha nitasema wazi kwamba madaktari hatukubaliani wote. Ipo dawa inayoitwa bromocriptine ambayo huzuia prolaktini. Tafiti za Afrika Kusini na Ujerumani zimeonyesha dalili za kusaidia, lakini inakausha maziwa, na lazima iende pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa mama aliye mahututi naona uzito wake. Kwa mama wa mapacha wa wiki tatu, katika nyumba ambayo maziwa ya kopo ni ya kukopa na maji ni ya mto, kuyakausha maziwa ya mama kunaweza kupoteza watoto wakati tunamwokoa mama. Uamuzi huo ufanywe mezani pamoja na daktari aliyeona eko, mkimweleza kwa ukweli mnachoweza kununua. Ikibidi kuachisha, watoto wanyweshwe kwa kikombe safi. Chupa ni ngumu kuosha.

Kuna jambo ambalo nakuomba umweleze mama mkwe kwa adabu. Chakula anachompikia mzazi ni upendo, na kiendelee. Kinachopaswa kutoka ni chumvi. Katwe iko karibu nanyi na chumvi yake haikosi jikoni, lakini supu yenye chumvi nyingi, mboga zilizolainishwa kwa magadi, na uji mwingi wa kumjaza maziwa vyote vinaongeza maji ambayo moyo hauwezi kuyasukuma. Kule Zaria, kaskazini mwa Nigeria, desturi ni mzazi kula uji wenye chumvi ya magadi kwa siku 40 na kuogeshwa maji ya moto sana, na madaktari wa huko waliihusisha desturi hiyo na kushindwa kwa moyo kwa akina mama hao. Awe na kipimo cha vinywaji kama daktari atakavyosema, na apimwe uzito kila asubuhi ikiwezekana. Kilo mbili zikiongezeka kwa siku tatu ni maji, si kunenepa.

Je, atapona? Katika kumbukumbu za kimataifa zilizokusanya wanawake 739 kutoka nchi 49, baada ya miezi sita karibu nusu, asilimia 46, moyo ulikuwa umerudi katika hali yake, na asilimia 6 walikuwa wamefariki. Waliobaki walikuwa hai na moyo bado dhaifu, na wengine wao huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Kwa hiyo ugonjwa huu unaua, na pia unapona. Sitaki uogope kiasi cha kukata tamaa, wala utulie kiasi cha kuchelewa.

La mwisho ni zito, na usimwachie mkeo peke yake. Mimba nyingine. Kama eko itaonyesha moyo haujarudi, mimba ijayo inaweza kumuua. Katika utafiti mmoja uliofuatilia wanawake wa aina hiyo, karibu mmoja kati ya watano alifariki. Hata moyo uliorudi, takriban mmoja kati ya watano hupata tena dalili. Basi kabla hajatoka hospitali zungumzeni uzazi wa mpango. Kipandikizi cha mkononi au kitanzi vinamfaa. Vidonge vyenye estrojeni asitumie, kwa sababu vinaongeza damu kuganda. Wewe una watoto watano sasa, wawili wakiwa wachanga kabisa. Ndugu zako wakianza kuuliza mtaongeza lini, wajibu wewe. Yeye asibebeshwe maswali hayo na moyo huo.

Eko ya miezi sita ikifanyika, niandikie namba zote mbili zilizo kwenye daftari, ya mwanzo na ya sasa, pamoja na dawa anazomeza na vipimo vyake vya presha. Tutaendelea kutoka hapo.